Kama Mungu anajua yote, mbona alimuuliza Adamu "Uko wapi?" na mbona anajuta?

mpwa_wa_temeke

Habari za usiku wakuu. Naomba mnisaidie maana ni wiki ya pili sasa usingizi haukai vizuri, na siulizi ili tubishane dini, anayetaka ligi naomba apite tu.

Mimi ni Mkristo, nimekulia kanisani, ila mama yangu alizaliwa kwenye Uislamu akabadili alipoolewa, kwa hiyo wajomba zangu wote Waislamu na tunaishi vizuri tu, Idi tuko kwao Krismasi wako kwetu. Sasa mjomba wangu mkubwa anakaa Temeke, jioni nikitoka kazini huwa napita kwake tunakaa kibarazani na kahawa na kashata tunaongea mpira, tunaongea maisha. Siku hiyo sijui hata tulifikaje huko, akaniambia mpwa wangu mimi nina swali moja tu kwenye kitabu chenu, Mungu anajutaje? Mtu anajuta kwa sababu hakujua, angejua asingefanya, sasa Mwenye kujua mwisho kabla ya mwanzo anajutia nini? Na hakusema kwa ubaya, aliuliza kwa upole kabisa, hiyo ndo imenikaa moyoni maana angenikejeli ningejua pa kujibia.

Nikarudi nyumbani nikafungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu mwenyewe anasema "Najuta kwa kuwa nimemtawaza Sauli awe mfalme". Nikashuka mstari wa 29, Samweli anasema aliye Nguvu wa Israeli hatasema uongo wala hatajuta, "kwa sababu yeye si mwanadamu, hata ajute". Nikashusha pumzi nikasema haya, hapo imekaa. Nafika mstari wa 35, BWANA akajuta. Sura moja jamani!

Baada ya hapo ndo nikaanza kuona vitu ambavyo nimevisoma toka utotoni bila kuvisoma. Mwanzo 3 Mungu anatembea bustanini anamuuliza Adamu uko wapi. Mwanzo 11 anashuka "ili auone" mji na mnara, kwani alipokua hauoni? Mwanzo 18 kuhusu Sodoma anasema atashuka aone kama wametenda kweli kama kilio kilivyomfikia, "na kama sivyo, nitajua". Mwanzo 22 anamwambia Ibrahimu "sasa najua" ya kuwa unamcha Mungu, sasa?? Ina maana kabla ya kisu kuinuliwa alikua hajui? Na Zaburi 139 inasema hamna neno ulimini mwangu asilolijua.

Kinachoniuma zaidi siyo hata hiyo hoja, ni maombi. Nikipiga magoti nakwama sentensi ya kwanza. Kama anajua yote namweleza nini, na kama kuna asichokijua basi namwomba nani. Nimejikuta nasema amina halafu nalala.

Nawasilisha.

mtumishi_kigogo

Isaya 55:8-9 ndugu. Mawazo yake si mawazo yetu. Kuna mambo ukiyachimba sana unapoteza hata kile ulichonacho. Nakuombea.

mpwa_wa_temeke

Asante mtumishi, nimeisoma hiyo na naiamini. Ila mjomba akiniuliza tena nikimjibu usichimbe ataona nimekimbia, na kiukweli nitakua nimekimbia.

Ticha wa Kinondoni

Mdogo wangu nimesoma uzi wako mara mbili nikaona nisilale bila kukujibu. Mimi siyo mchungaji, nafundisha Kiswahili sekondari mwaka wa 19 huu, kwa hiyo nitakujibu kwa kile ninachokijua, ambacho ni maneno.

Hebu fikiria asubuhi unatoka chumbani kwako, umeshavaa, mswaki mdomoni, unakutana na mama anakuangalia usoni anakuuliza "umeamka?" Sasa mama yako haoni kwamba umeamka? Unafika kwa mjomba wako hapo Temeke, umesimama mbele yake kabisa na viatu umevua, anakwambia "umekuja?" na wewe unajibu "nimekuja". Jirani anakukuta unaingia getini na mifuko ya sokoni anakuuliza "ndo unarudi?" Lugha yetu imejaa maswali ya namna hii na hakuna mtu hata mmoja Dar nzima anayedhani muulizaji amekosa taarifa. Tena jaribu siku moja kupita mbele ya mzee bila yeye kukuuliza umekuja, utajua kuna jambo, umemkosea. Swali lile ndo mlango anaokufungulia, na usipoulizwa ujue umefungiwa nje.

Sasa rudi bustanini. Adamu kajificha kwenye miti. Mungu angeweza kusema "nakuona hapo nyuma ya mti, toka", na ingekua kweli, ila hiyo ni lugha ya polisi na mwizi. Akauliza uko wapi. Na soma Adamu anajibu nini, hasemi niko hapa karibu na mti fulani, anasema nilisikia sauti yako nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi nikajificha. Yaani Adamu mwenyewe alielewa kwamba hajaulizwa mahali. Kaini naye aliulizwa yuko wapi Habili ndugu yako, na yeye alipewa mlango uleule akaufunga, akasema sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu? Na Hajiri kule jangwani anaulizwa unatoka wapi nawe unakwenda wapi, halafu angalia huyo malaika anavyomuita kabla hata hajajibu, "Hajiri wewe mjakazi wa Sarai"! Anamjua jina, anamjua na tajiri yake, na bado anamuuliza. Na mwisho wa hiyo stori Hajiri ndo anampa Mungu jina, "Wewe, Mungu, waniona mimi". Aliyeulizwa swali ndiye aliyeondoka anasema nimeonwa. Hapo huwa nasimama kila nikisoma.

Na kingine kidogo tu, hiyo Mwanzo 3 kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version ya 1952, wamesema "wakati wa jua kupunga", nasikia wanaojua Kiebrania wanasema pale pana neno la upepo, upepo wa siku. Sisi wa mji huu tunajua saa hiyo ni ipi, joto lote la mchana limekutesa halafu saa kumi na moja na nusu upepo wa baharini unaingia na watu wanaenda Coco kupunga upepo. Ni saa ya watu kutembea pamoja. Aliyeandika alitaka tuumie kwamba ile saa ya matembezi siku hiyo mtu hakutokea.

msafiri wa Ubungo

Dada ticha nimekuelewa na hiyo ya umekuja nimeipenda kwa dhati. Mimi nasema mapema niliacha kuamini miaka kama sita iliyopita, nachangia kwa heshima na sitaki kumvunja moyo ndugu mwenye uzi.

Ila umejibu nusu. Maswali sawa, mtu anaweza kuuliza anachokijua. Kujuta je? Hakuna mama anayemwambia mtoto "najuta kukuzaa" kama salamu. Mwanzo 6 inasema BWANA akaghairi kwa kuwa amemfanya mwanadamu, akahuzunika moyo, na kilichofuata ni gharika, watu wakafa. Hayo siyo maongezi ya getini.

Mimi naona jibu jepesi ni kwamba watu wanamchora Mungu kwa sura yao. Kuna Mgiriki anaitwa Xenophanes, miaka zaidi ya 500 kabla ya Kristo, alisema ng'ombe na farasi na simba wangekua na mikono ya kuchora wangechora miungu yenye maumbo ya ng'ombe na farasi na simba, na akasema Waethiopia wanaona miungu yao meusi yenye pua pana na watu wa Thrace wanaona yao ina macho ya bluu na nywele nyekundu. Wafalme wa zamani walikua wanakasirika, wanajuta, wanabadili amri, basi na Mungu akaandikwa hivyohivyo. Baadae watu wakasoma falsafa wakasema hapana huyu anajua yote habadiliki, wakabaki na vitabu vya mwanzo na fikra za mwisho na ndo maana havikai pamoja. Kwangu hiyo inaeleza sura yako ya 15 bila kutoka jasho.

frateri_wa_zamani

Nimekaa seminari kabla sijatoka, sasa hivi nina duka la vifaa vya ujenzi Tabata, ila haya mambo hayajanitoka kichwani, ngoja niseme niliyonayo hata kama yatakua marefu.

Msafiri kuna kitu kimoja hakikai kwenye maelezo yako. Unasema mwanzo waliandika Mungu wa kibinadamu halafu fikra zikaja baadae, lakini mstari wa 29 na wa 35 vimeachana mistari sita tu. Yeyote aliyeiweka sura ile pamoja kama tunavyoisoma leo hakua amesahau alichoandika dakika tano zilizopita, na neno ni lilelile, kwa Kiebrania mstari wa 11, 29 na 35 yote ni nacham. Angetaka kuficha angebadili neno moja tu, karani yeyote angeweza. Akayaacha yote mawili yanatazamana. Kwa hiyo mimi naona alitaka tushike yote mawili, anajuta, na hajuti kama mwanadamu ajutavyo.

Na hilo neno lenyewe tulivute kidogo. Nacham siyo majuto peke yake kama yetu ya laiti ningalijua. Soma Mwanzo 5:29, Lameki anamuita mwanawe Nuhu akisema huyu ndiye "atakayetufariji", hapo "kufariji" ni neno hilohilo, halafu ukigeuza ukurasa 6:6 Mungu "akaghairi", hilohilo tena! Nabii Nahumu na Nehemia majina yao yametoka humohumo na yana habari ya faraja. Isaya 40 "Watulizeni mioyo", hilohilo. Ni neno la mtu aliyeguswa ndani mpaka pumzi yake inabadilika, inaweza kwenda kwenye huzuni, inaweza kwenda kwenye faraja. Watafsiri wetu ilibidi wachague kila mahali neno moja la Kiswahili, na kila walipochagua kuna kitu kilibaki nje. Siwalaumu hata kidogo.

Tena kuna mahali wametulainishia bila sisi kujua. Kutoka 34:6 tunasoma Mungu "si mwepesi wa hasira", kwa Kiebrania imeandikwa kama kusema ana pua ndefu, kwa sababu kwao hasira ni pua kuwaka moto, mwenye pua ndefu inachelewa kuwaka. Hakuna Myahudi aliyesoma hapo akaenda kupima pua. Marabi wana msemo wa zamani kwamba Torati imesema kwa lugha ya wanadamu, na Maimonides, yule tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1204 Misri, aliusimamia sana msemo huo. Calvin kwa Waprotestanti alisema Mungu anaongea nasi kama yaya anavyomdekeza mtoto mchanga kwa maneno yasiyonyooka. Na jambo la "nitaghairi" Yeremia 18 kwenye nyumba ya mfinyanzi Mungu analieleza mwenyewe, taifa likigeuka nami nitaghairi, yaani kubadilika kwetu kunakutana naye yuleyule kwa upande mwingine. Ukizunguka nyumba jua la jioni linakupiga uso badala ya mgongo, jua halijahama ni wewe umezunguka.

Nisiwe mwongo, wapo wanaokataa maelezo haya. Marekani mwaka 1994 Clark Pinnock na wenzake walitoa kitabu wakisema tuyachukue maandiko kama yalivyo, kwamba mambo yajayo ya hiari yetu bado hayapo ili yajulikane na Mungu anatembea nayo pamoja nasi. Nawaheshimu maana wanalinda kwamba uhusiano na Mungu ni wa kweli siyo maigizo, ila nikifika Isaya 46:10, "nitangazaye mwisho tangu mwanzo", nashindwa kwenda nao.

Ila mpwa, kuna stori moja nataka uichukue wewe binafsi. Mwaka 399 Misri, askofu wa Alexandria, Theophilus, alituma barua kwa wamonaki wa jangwani kwamba Mungu hana mwili wala umbo la mtu. Kulikua na mzee mmoja anaitwa Serapion, mtu wa maombi miaka mingi, maisha yake yote alikua akiomba anamwona Mungu moyoni kama mtu. Wakamwelewesha, akakubali kabisa kwamba wako sahihi. Halafu wakasimama kuomba, mzee akaanguka chini analia, anasema wamenichukulia Mungu wangu, sina wa kumshika, sijui nimwabudu nani. Kasiano aliyeandika habari hii anaona mzee alikua amepotea. Mimi niliisoma seminari nikalia na yule mzee. Niliposoma ulivyokwama sentensi ya kwanza nimemkumbuka yeye. Mafundisho sahihi yanaweza kumnyang'anya mtu pa kushika, na nadhani ndo maana maandiko yameacha mkono na uso na kuguswa moyo mle ndani, ili wenye magoti kama ya Serapion wawe na pa kushika.

UstadhaIlala

Asalaam aleykum na bwana asifiwe kwa wote. Nafundisha watoto madrasa na nimeona niseme kwa upande wetu kwa sababu mjomba ni wa kwetu.

Mwanangu, mwambie mjomba wako salamu zake, na mwambie swali lake ni zuri ila na sisi tunalo. Sisi tunashika aya ya Qur'ani 42:11, hapana kitu kama mfano wake, naye ni Mwenye kusikia Mwenye kuona. Angalia aya yenyewe, inasema hafanani na chochote halafu haikukata pumzi inasema anasikia anaona. Ni kama hiyo mistari ya 29 na 35 aliyosema frateri ila kwetu imefungwa kwenye aya moja. Na Qur'ani ina mikono, Iblisi anaulizwa kimekuzuia nini kumsujudia niliyemuumba kwa mikono yangu, ina uso, ina kuwa juu ya Arshi, yaani kiti cha enzi. Wanazuoni wamejadili hayo karne na karne, wengine wanasema tuyapitishe kama yalivyokuja bila kuuliza namna, wengine wanayafasiri mkono ni uwezo. Imam Malik wa Madina imepokewa kwamba aliulizwa juu ya kuwa juu ya Arshi akainamisha kichwa mpaka jasho likamtoka, kisha akasema maana yake yajulikana, namna yake haijulikani, kuiamini ni wajibu na kuihoji ni uzushi. Lile jasho ndo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Aliogopa kusema.

Na hiyo "sasa najua" ya Ibrahimu, kwetu ipo 2:143 habari ya kibla, tupate kumjua anayemfuata Mtume na anayegeuka. Mufasirina, yaani wafasiri wa Qur'ani, wanasema ujuzi wake ulikuwepo, kilichotokea ni jambo lenyewe kudhihiri, na thawabu na adhabu zinakwenda kwa lililotendwa siyo kwa lililojulikana litatendwa. Nadhani hata Ibrahimu alipaswa yeye mwenyewe ajue.

Ila nilichotaka hasa kukwambia ni Suratu Twaha aya ya 17. Mwenyezi Mungu anamuuliza Musa, na nini hicho kilichomo mkononi mwako wa kulia ewe Musa? Fimbo! Aliyeumba mti ule anauliza fimbo. Na Musa angeweza kusema fimbo basi, lakini anasema hii ni fimbo yangu, naiegemea, na nawaangushia majani kondoo wangu, na inanifaa kwa matumizi mengine. Wapo mufasirina waliosema Musa alirefusha kwa sababu hakutaka mazungumzo yaishe. Umekwama unamweleza nini anayejua? Mweleze habari ya fimbo yako.

Sisi watu wa pwani tunasema Mungu si Athumani. Na haohao wanaosema Mungu si Athumani, ikitokea mtu kapona ajali wanasema Mungu kamwangalia. Hakuna anayeona amejipinga.

msafiri wa Ubungo

Ustadha nimekusoma kwa utulivu, na frateri hiyo ya Serapion imenishika kwa sababu mimi kilichonitoa ni kama hicho, nilielewa sana mpaka nikabaki na mtu wa kwenye vitabu asiyesikia kitu.

Ndo maana nauliza swali langu la mwisho. Mkisema mkono ni lugha tu, pua ni lugha tu, kujuta ni lugha tu, basi na "anakupenda" nayo ni lugha tu? Mnakataje hapa kinaisha cha mfano hapa kinaanza cha kweli? Naona kama mnaacha yale mnayoyataka.

Ticha wa Kinondoni

Msafiri hilo ni swali zito na sitalipita juujuu.

Darasani huwa nawapa wanafunzi neno tamu. Chai tamu, sauti tamu, usingizi mtamu, kisa kitamu. Kwenye sauti hamna sukari, ila ukiniambia basi "sauti tamu" ni uongo nitakukatalia, ni kweli kabisa, na asiyewahi kuonja sukari asingeelewa unasema nini. Neno limetoka kwenye ulimi likafika mahali ambapo ulimi haufiki. Nadhani maneno yetu juu ya Mungu ndo yanatembea hivyo. Mkono lazima uwe na mwili, ukiondoa mwili mkono unabaki kuwa picha ya uwezo. Kupenda hakuhitaji mwili ili kuwe kupenda, sisi ndo tunapenda kwa mwili kwa kuwa ndio tulionao, tunachoka, tunasahau, tunapenda leo kesho tumenuna. Ukitoa hivyo vyote upendo haupungui, unazidi. Frateri atanisahihisha ila nasikia Thomas Akwino, yule mwanateolojia wa Kikatoliki, alitenganisha kwa namna kama hiyo.

Hilo la kujuta kukaa upande gani, hapo nakiri bado linanipa kazi.

nesi_wa_usiku

Nimetoka zamu saa hii nipo kwenye daladala nimesoma uzi wote, naomba niseme kitu kuhusu hiyo kazi ya ticha.

Mimi nipo wodi ya wagonjwa wa saratani, sitataja wapi. Mjomba wa mwenye uzi anasema mtu anajuta kwa kuwa hakujua. Na mimi nilidhani hivyo kabla sijaanza kazi hii. Kuna asubuhi naingia wodini nimeshasoma faili, majibu nimeyaona, dokta ameshasema, najua huyu mama siku zake, najua kwa uhakika ambao nisingependa kuwa nao. Na nikifika kitandani namuuliza mama umelalaje? Najua amelalaje, nilikua nae usiku, nilimgeuza mimi. Namuuliza ili aseme. Akisema mwenyewe "mwanangu leo kifua kimekaba" kinatokea kitu ambacho faili halikukifanya, mimi kujua ni kitu kimoja na yeye kuniambia ni kitu kingine, akiniambia tunakua wawili kwenye lile jambo.

Na siku inapofika, mimi niliyejua wiki tatu kabla, nalia. Tena nalia kuliko ndugu wengine maana nimelibeba muda mrefu zaidi. Hakuna siku kujua kumenizuia huzuni. Kwa hiyo nikisoma "akahuzunika moyo" sioni mtu aliyeshtukizwa. Naona aliyekua anajua toka mwanzo na siku ilipofika haikua nyepesi kwake kwa sababu alijua.

Angalieni Yohana 11. Lazaro kafa, Yesu anawaambia wanafunzi anaenda kumwamsha, yaani anajua kabisa mwisho wa hili ni nini. Anafika, anauliza "Mmemweka wapi?" Swali lilelile la bustanini jamani, uko wapi, mmemweka wapi. Wanamwambia Bwana, njoo utazame. Na mstari unaofuata, Yesu akalia machozi. Anajua dakika chache zijazo yule mtu atatoka kaburini, na analia. Huwa nasoma hapo kabla ya zamu.

Najua kwa ustadha hii haikai sawa na sitaki kumlazimisha, nasema inavyonibeba mimi. Na msafiri, hapo umefika unastahili pole, sina zaidi.

msafiri wa Ubungo

Nesi asante. Sina la kujibu leo. Sijabadilika ila nimekusikia.

UstadhaIlala

Dada nesi, kweli hapo kwa Isa tunaachana na hilo linajulikana. Ila hilo la kujua na kuambiwa nimelichukua, nitalipeleka darasani. Allah akupe nguvu kwenye kazi hiyo.

mtumishi_kigogo

Nimejifunza. Nilikua na haraka kule mwanzo, ndugu mwenye uzi unisamehe.

mpwa_wa_temeke

Mtumishi hakuna kosa kabisa. Wakuu nimekaa kimya siku nne maana nilitaka kwanza niende Temeke.

Nimemsomea mjomba karibu yote. Hilo la kujuta hajalikubali, kasema nesi ni mwanadamu na Mungu si mwanadamu, na kuhuzunika nako ni kupungukiwa, nikamwambia mstari wa 29 nao unasema hivyo hivyo kwamba si mwanadamu, tukabaki hapo wote wawili. Ila nilipofika kwenye fimbo ya Musa alinikata, akaweka kikombe chini akaisoma ile aya kwa Kiarabu kwa kichwa, yote na zinazofuata, mpaka nyoka anatambaa, halafu akanyamaza muda. Akaniambia toka madrasa ameisoma hiyo na hajawahi kujiuliza kwa nini Musa aliongea sana.

Usiku nilipiga magoti. Nimeanza na kazini, kuna mzigo wa mteja ulichelewa bandarini na nina deni nalo, nikamweleza hilo lote na tarakimu, nikaendelea na mambo mengine ambayo sijawahi kuyasema kwa mtu. Sijui ilikua dakika ngapi, ila sikukwama.

Mjomba kasema Jumamosi nije na Biblia, tusome Ayubu. Nianzie wapi?

Ticha wa Kinondoni

Nendeni moja kwa moja sura ya 38, mstari wa 4, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Kuanzia hapo Mungu anauliza tu, swali juu ya swali. Sura mbili za kwanza msomee kabla ili ajue Ayubu alikua amekaa kwenye majivu anapoulizwa. Ukirudi njoo utuambie mzee kasemaje.